Duara Jeupe Ndani ya Wino Mweusi: Historia ya Kusaka Fangasi Kwenye Maji ya Mgongo

Sindano ilitangulia kipimo. Mwaka 1891 daktari Heinrich Quincke wa mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, aliwaeleza madaktari wenzake waliokutana Wiesbaden jinsi alivyopitisha sindano kati ya pingili za kiuno na kutoa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Nia yake ilikuwa kupunguza msukumo. Alikuwa akihangaika na wagonjwa waliojaa maji kichwani, watoto wakiwamo, na aliamini kwamba maji hayo yakipata pa kutokea, ubongo utapata nafuu. Mwaka huohuo, London, Walter Essex Wynter alichapisha habari za wagonjwa 4 wa kifua kikuu cha utando wa ubongo aliowatoboa mgongoni kwa kusudi hilohilo. Wote walifariki.

Quincke hakuyamwaga maji aliyoyatoa. Alipima msukumo wake yalipokuwa yakitoka, akapima protini na sukari, akayachunguza kwa hadubini. Kitu kilichoanza kama tiba kikageuka kipimo, na muda si mrefu kipimo kikaimeza tiba. Madaktari wa karne ya 20 walijifunza kutoboa mgongo ili wajue mgonjwa anaumwa nini. Kwamba kutoboa kwenyewe kunaweza kumwokoa, hilo lilibaki pembeni, na lilirudi kwa kishindo zaidi ya miaka 100 baadaye, katika wodi za Kampala na Cape Town.

Fangasi anayehusika na habari hii aliingia kwenye vitabu kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1894, mjini Greifswald, Otto Busse, mtaalamu wa kuchunguza nyama za mwili, alipewa kipande kutoka kwenye uvimbe wa mfupa wa mguu, chini ya goti, wa mwanamke kijana. Waliomtibu walidhani ni saratani. Busse aliona vijiduara vinavyochipua kama hamira. Abraham Buschke, daktari aliyemhudumia mgonjwa huyohuyo, aliandika juu yake pia, na kwa miaka mingi ugonjwa huo ukaitwa kwa majina yao mawili. Mwanamke yule alifariki. Buschke aliishi hadi mwaka 1943, akafia katika kambi ya Theresienstadt alikopelekwa na utawala wa Hitler kwa sababu alikuwa Myahudi.

Mwaka huohuo wa 1894, nchini Italia, Francesco Sanfelice alimwotesha fangasi wa namna hiyo kutoka kwenye maji ya matunda ya pichi yaliyochacha. Alipomchoma mnyama wa maabara, vilitokea vivimbe kama vya saratani, ndiyo maana akampa jina la neoformans, yaani mwenye kuzalisha vitu vipya mwilini. Mwaka 1901 Mfaransa Paul Vuillemin aliona kwamba kiumbe huyu hachachushi sukari kama hamira ya kawaida, akamtoa kwenye kundi la hamira na kumweka kwenye kundi la Cryptococcus. Kufikia hapo jina lilikuwa limepatikana, lakini hakuna aliyekuwa akifikiria ubongo.

Mwaka 1905, Berlin, David von Hansemann alieleza habari za mgonjwa aliyefariki kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, na ndani ya ubongo wake vikakutwa vifuko vya utelezi vilivyojaa fangasi hao. Kwa miongo iliyofuata, hapo ndipo wengi wa wagonjwa hao walipopata majibu: kwenye meza ya uchunguzi wa maiti. Wakiwa hai waliandikiwa kifua kikuu cha ubongo, au uvimbe, au wazimu. Na kosa hilo lilikuwa jepesi kufanyika. Maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki, homa ya kupanda na kushuka, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa: yote hayo hufanana na kifua kikuu. Hata maji ya mgongo yalidanganya, kwa sababu katika magonjwa yote mawili sukari hushuka, protini hupanda, na chembe nyeupe huongezeka. Fangasi akiwa duara dogo lisilo na rangi, aliyekuwa akihesabu chembe kwenye hadubini alimhesabu pamoja na chembe nyeupe, akasonga mbele.

Mwaka 1916, nchini Marekani, James Stoddard na Elliott Cutler walitoa kitabu kizima juu ya maradhi haya. Walikuta kila fangasi ndani ya ubongo amezungukwa na eneo tupu. Wakahitimisha kwamba fangasi anayeyusha nyama iliyo karibu naye, wakampa jina la histolytica, mwenye kuyeyusha nyama. Walikuwa wameona sawasawa na kufasiri vibaya. Ule uwazi haukuwa nyama iliyoliwa. Ulikuwa ganda la fangasi mwenyewe, utando mnene wa sukari zilizoungana, usioshika rangi za maabara na hivyo kuonekana kama hewa. Rhoda Benham wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kusafisha mkanganyiko huo katika miaka ya 1930. Alilinganisha fangasi waliokuwa wakiitwa majina chungu nzima, akaonyesha undugu wao.

Ganda lisiloshika rangi lilikuwa tatizo kwa waliotaka kulipaka rangi. Ilikuwa lazima mtu afikirie kinyume: aache kupaka kitu chenyewe, apake kila kilichokizunguka. Mwaka 1924 Wamarekani wawili, Fred Weidman na Walter Freeman, waliandika makala fupi juu ya kutumia wino wa India kuchunguza fangasi wa jamii ya hamira. Freeman huyu ndiye aliyekuja kujulikana, na kulaumiwa, kwa kueneza Marekani upasuaji wa kukata mishipa ya ubongo kwa wagonjwa wa akili. Mchango wake kwenye fangasi umesahauliwa na wengi, lakini ndio uliodumu. Mbinu hiyo ikazoeleka kwenye maji ya mgongo, na ikaenea duniani kote.

Ukikaa na mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya utaona kwa nini ilienea. Kachupa kenye maji ya mgongo huingizwa kwenye mashine ya kuzungusha sampuli ili vilivyomo vizame chini. Maji ya juu hutolewa, na tone la mashapo huwekwa kwenye kioo cha slaidi. Pembeni yake huwekwa tone la wino, vikachanganywa, kisha kioo chembamba kikashushwa juu taratibu kwa kuanzia upande mmoja ili hewa isinaswe. Wino huo ni vumbi laini la kaboni linaloelea majini. Chembe za kaboni haziwezi kupenya ganda la fangasi. Kwa hiyo chini ya hadubini uwanja wote ni mweusi, na ndani yake huonekana duara jeupe linalong'aa, katikati yake kijiduara kingine chenye ukuta mkali, wakati mwingine kikiwa kimeshikilia kichipukizi chake. Kazi yote haizidi dakika chache, na haihitaji friji wala umeme mwingi.

Lakini wino una mitego yake. Wino mzito mno huziba mwanga, mwepesi mno haufichui ganda. Povu la hewa huwa duara jeupe pia, lakini halina kitu katikati. Chembe nyeupe nazo husukuma kaboni kidogo na kujifanya fangasi, ila ukingo wake hufifia, hauna ukuta wa wazi. Mtaalamu mzoefu hutafuta kichipukizi kabla ya kuandika jibu. Na mtego mkubwa kuliko yote ni uhaba: fangasi wakiwa wachache, unaweza kupekua kioo kizima usimwone hata mmoja, ilhali wamo.

Njia ya pili ilikuwa kuotesha. Maji humwagwa kwenye sahani yenye chakula cha fangasi, yakasubiriwa siku kadhaa hadi vikatokea vidonge vyeupe vyenye utelezi. Ni njia ya kuaminika zaidi, na mpaka leo ndiyo inayoweza kusema kama fangasi yu hai au amekufa. Lakini mgonjwa aliyeanza kupoteza fahamu hana wiki nzima ya kungoja sahani.

Hadi miaka ya 1950, kuwahi kujua kulisaidia kidogo tu, maana dawa haikuwapo. Hali ilibadilika pale watafiti wa kampuni ya Squibb walipopata amfoterisini B kutoka kwa kijidudu cha udongo uliochukuliwa kwenye bonde la mto Orinoco, Venezuela. Ilikuwa dawa kali, iliyoumiza figo na kutetemesha mwili, lakini iliua fangasi. Kipindi hichohicho Chester Emmons alionyesha fangasi anakoishi: mwaka 1951 alimtoa kwenye udongo, na mwaka 1955 kwenye kinyesi cha njiwa. Mtu humvuta kwa pua pamoja na vumbi. Wengi wetu hatudhuriki. Fangasi hukaa kimya mapafuni, na hushika njia ya kwenda kichwani kinga ya mwili inaposhuka.

Dawa ilipopatikana, thamani ya kipimo ikapanda, na swali la maabara likabadilika: je, lazima tumwone fangasi mwenyewe? Ganda lile huachia vipande vya sukari kwenye maji ya mgongo na kwenye damu. Mwaka 1963 watafiti wa Marekani, Bloomfield, Gordon na Elmendorf, walichapisha kipimo cha kunasa vipande hivyo, ambavyo maabara huviita antijeni. Walichukua vijipira vidogo vya lateksi, wakavivisha kingamwili dhidi ya fangasi, wakavichanganya na maji ya mgonjwa. Antijeni ikiwamo, vijipira hushikana na kuonekana kama mchanga ndani ya maziwa. Kipimo hiki kiliwapata wagonjwa ambao wino uliwakosa. Lakini kilitaka friji, kilitaka kuchemshwa kwa sampuli, kilitaka fundi wa kutofautisha kushikana kwa kweli na kwa uongo, na kilitaka fedha. Kilifaa Marekani, kikawa kigeni katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika.

Na Afrika ndiko ugonjwa ulikokuwa ukijikusanya. Mwaka 1983 madaktari wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya mwanamke wa Zaire aliyetibiwa kwao mwaka 1977 kwa fangasi huyu, kabla dunia haijalisikia neno UKIMWI. Walipotazama nyuma waliona kwamba duara jeupe lilikuwa likiwaashiria jambo jipya. Fangasi aliyekuwa nadra amekuwa mgeni wa kila siku, kwa sababu kuna kitu kimebomoa kinga za watu. Mwaka 1989 timu iliyofanya kazi Kinshasa ilichapisha matokeo ya kupima antijeni kwenye damu ya watu wenye VVU, ikaonyesha kwamba damu inaweza kutoa habari za fangasi kabla mgongo haujaguswa.

Wazo hilo lilikaa kabatini kwa miaka 20 hivi. Hospitali zilikuwa zimeelemewa. Harare, taarifa ya mwaka 1998 juu ya wagonjwa 89 ilionyesha kwamba nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya siku 14. Kisha mwaka 2002 ukatoka utafiti wa Entebbe, Uganda, uliofuatilia watu wenye VVU kwa miaka kadhaa na kuhifadhi damu zao. Watafiti walirudi kwenye damu zilizohifadhiwa za waliougua, wakapima antijeni. Kwa wastani antijeni ilikuwa imeonekana siku 22 kabla ya mgonjwa kulalamika kichwa, na kwa mmoja kati ya kila 9 hivi, ilitangulia kwa zaidi ya siku 100. Fangasi alikuwa akipiga hodi mapema. Aliyekosekana ni mtu wa kuitika.

Kilichokuja kuitika kilitengenezwa Marekani. Thomas Kozel wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, alikuwa ametumia maisha yake kuchunguza ganda la fangasi huyu, na alitengeneza kingamwili zinazotambua aina zake zote kuu. Kampuni ya IMMY ya Oklahoma ikazibandika kwenye kipande cha karatasi kinachofanya kazi kama kipimo cha mimba cha dukani: unachovya, unangoja dakika 10, mstari mmoja maana yake hakuna, mistari miwili yupo. Hakihitaji friji, na mwanzoni kiliuzwa kwa dola 2 hivi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiidhinisha Julai 2011, na kabla ya mwaka kuisha Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa haraka unaokitaja.

Ubishi ulibaki: kitu rahisi namna hiyo kinaweza kuaminiwa? Jibu lilitoka Uganda na Afrika Kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza watu 832 wenye VVU walioshukiwa kuwa na ugonjwa wa utando wa ubongo. Maji yao ya mgongo yalipimwa kwa njia zote. Wino uliwapata asilimia 86 ya wagonjwa wa kweli. Kuotesha kulipata asilimia 94. Karatasi ilipata asilimia 99. Kwa wale wenye fangasi wachache, chini ya 1,000 katika kila mililita moja ya maji, wino uliona asilimia 42 tu. Maana yake ni kwamba, kwa miaka 90, wino ulikuwa ukiwapata vizuri wale waliokwisha kuzidiwa, na kuwakosa zaidi ya nusu ya wale waliokuwa bado na nafasi nzuri ya kupona.

Hata hivyo wino na sahani havikutupwa. Antijeni hukaa mwilini miezi mingi baada ya fangasi kufa, kwa hiyo mgonjwa aliyetibiwa akirudi na maumivu ya kichwa, karatasi itasema ndiyo bila kueleza kama ugonjwa umerudi au ni mabaki. Hapo ndipo sahani ya kuotesha inapohitajika. Na antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi, karatasi yenyewe inaweza kukosea na kusema hapana, mpaka sampuli ipunguzwe makali kwa maji maalumu. Mtaalamu anayejua hili hurudia kipimo anapoona jibu halifanani na mgonjwa.

Dar es Salaam ikaingia kwenye historia hii kwa kulijibu swali lililoachwa na utafiti wa Entebbe: je, kumwitikia fangasi mapema kunapunguza vifo? Utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ulifanyika katika jiji hilo na Lusaka, Zambia, kwa watu 1,999 waliofika kliniki wakiwa na chembe za kinga za CD4 chini ya 200 na wakiwa hawajaanza dawa za kufubaza virusi. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa antijeni kwenye damu kabla ya kuumwa kichwa, na katika wiki za mwanzo walitembelewa nyumbani na wahudumu waliofundishwa, wakapelekewa dawa na kuulizwa hali. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walikuwa wamefariki asilimia 18, katika la pili asilimia 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Huwezi kutenga karatasi na miguu ya waliogonga milango. Vyote viwili vilifanya kazi pamoja.

Wakati huo sindano ya Quincke ilikuwa ikirudi kwenye kazi yake ya kwanza. Fangasi huyu huziba njia ambazo maji ya ubongo hutumia kurudi kwenye damu, kwa hiyo maji hujaa na msukumo hupanda hadi mgonjwa apoteze uwezo wa kuona, kusikia, mwishowe fahamu. Uchambuzi wa wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena, zaidi ya ile mara ya kwanza ya kupimwa, walikuwa na hatari ndogo ya kufa siku za mwanzo kwa asilimia 69 kuliko wasiotolewa. Na faida hiyo ilionekana hata kwa wale ambao msukumo wao haukuwa mkubwa mwanzoni.

Kikwazo kilikuwa hofu. Kote Afrika Mashariki utawasikia ndugu wa mgonjwa wakisema: akivutwa maji ya mgongo, hapo ameshakwenda. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi maji yalivutwa mgonjwa akiwa ameshazidiwa, na aliyekufa siku ya pili alionekana ameuawa na sindano, wakati ameuawa na wiki zilizopita bila kupimwa. Muuguzi anayeanza kwa kusema, "Mama, tunampunguzia presha ya kichwa, akiamka maumivu yatakuwa yamepungua," huwa anasema kweli, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe huyathibitisha maneno hayo saa hiyohiyo kwa kuomba chakula au kulala usingizi uliompotea.

Tiba nayo ilifupishwa. Mwaka 2018 utafiti uliohusisha wagonjwa 721 wa Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini inatosha badala ya wiki mbili za mateso. Flusitosini, iliyobuniwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani, ilikuwa haipatikani katika sehemu kubwa ya Afrika kwa miongo yote hiyo. Mwaka 2022 utafiti mwingine, wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukaonyesha kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, ikifuatiwa na vidonge, haiko nyuma ya ile ya wiki nzima. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba ugonjwa huu uliwapata watu 152,000 wenye VVU duniani kwa mwaka, na kuwaua 112,000. Hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya vifo vyote vya UKIMWI. Vifo hivi vinatokea wakati hakuna tena kinachokosekana upande wa maarifa, na sababu mojawapo ni ya kushangaza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayekutwa na VVU aanzishiwe dawa bila kungoja CD4. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na umeokoa wengi. Lakini mashine za CD4 zikapoteza kazi yake ya zamani, katika sehemu nyingi kipimo kikapungua, na pasipo CD4 mhudumu hawezi kujua nani kati ya wanaoonekana wazima anastahili karatasi ile ya dakika 10. Anayerudi kliniki baada ya kuacha dawa, akiwa na mwili mzuri na CD4 ya 40, hupita mlangoni kama wengine.

Kwa hiyo mtu akiuliza leo maabara gani inahitajika ili kumaliza vifo hivi, jibu linaanzia kwenye dirisha la kuchukua damu, siku ya kwanza ya mtu kufika au kurudi kliniki: CD4 ipimwe, ikiwa chini ya 200 antijeni ipimwe kwa damu ileile, na akikutwa nayo avutwe maji ya mgongo kabla kichwa hakijamuuma. Antijeni huwa imeshatangulia kwa wiki tatu hivi, na muda huo ndio unaopaswa kutumika.